Gharama isiyoonekana kwenye luku: kwa kila chanzo cha nishati, nani anakufa, nani anahamishwa?

Fundi Jua (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mgawo wa umeme ukianza, humu jukwaani unazuka ubishi uleule: tujenge nyuklia, tuchimbe makaa ya mawe ya Mchuchuma, tuongeze gesi, tufunge sola kila paa. Hoja zote zinaishia kwenye bei ya uniti. Kuna gharama nyingine haisomeki kwenye luku, nayo inalipwa kwa mapafu, kwa mashamba, kwa mito na kwa watu wanaoambiwa wafungashe. Hiyo ndiyo nataka tuijadili, chanzo kwa chanzo. Mimi nafunga sola, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo mjue nina upande. Mabaya ya sola nitayasema pia.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Katika nchi zetu, nishati inayoua watu wengi kuliko zote haina nguzo wala waya. Ni kuni na mkaa. Tunabishana juu ya vinu vya nyuklia ambavyo hata havijajengwa, na huku mama zetu wanavuta moshi asubuhi, mchana na jioni.

Nianze na takwimu za umeme, halafu tutarudi jikoni. Jedwali linalotumika sana duniani ni lile la Our World in Data, lililojengwa juu ya tafiti za afya zilizochapishwa kwenye majarida ya kisayansi. Linahesabu vifo vya ajali pamoja na vya hewa chafu kwa kila terawati-saa moja. Kwa lugha yetu ya luku, hiyo ni uniti bilioni moja. Makaa ya mawe: vifo kama 25. Mafuta: 18. Nishati ya kuni na mabaki ya mimea kwenye mitambo ya umeme: karibu 5. Gesi asilia: karibu 3. Maji: 1.3. Upepo: 0.04. Nyuklia: 0.03. Jua: 0.02.

Tanzania nzima inazalisha zaidi ya uniti bilioni 10 kwa mwaka. Zote zingetoka kwenye makaa ya mawe, kwa hesabu hiyo tungezika watu 250 kila mwaka, na hesabu yenyewe imetoka Ulaya, kwenye mitambo yenye vichujio na wakaguzi. Zote zingetoka kwenye jua, tungezungumzia kifo kimoja kwa miaka mitano, pengine fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa. Hilo la kuanguka si la kufikirika. Sisi tunaopanda mabati bila mkanda wa usalama tunalijua.

Sasa hewa ukaa. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lile la IPCC, kwenye ripoti yake ya 2014 lilipima kuanzia ujenzi wa mtambo hadi kubomolewa kwake. Kwa kila uniti, makaa ya mawe hutoa gramu 820, gesi 490, sola za mashamba makubwa 48, maji 24, nyuklia 12, upepo 11. Tazameni jinsi orodha hizi mbili zinavyokwenda pamoja. Kinachochafua anga ndicho kinachoua watu. Yule anayesema tuchague kati ya afya na mazingira hajaziweka orodha hizi sawia akazisoma.

Lakini jedwali hilo lina mapengo mawili makubwa. Halihesabu aliyehamishwa akiwa hai, wala halihesabu jiko.

Jiko

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Hapa Tanzania takwimu inayotumiwa na serikali ni vifo kama 33,000 kwa mwaka. Ni nimonia ya watoto, kiharusi, moyo, mapafu sugu. Kwenye cheti cha kifo hakiandikwi "moshi", ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Linganisheni na Chernobyl. Ajali ile ya Aprili 1986 iliua watu wapatao 30 katika wiki za mwanzo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa vifo vya saratani miongoni mwa watu walioathirika zaidi na mionzi vingeweza kufika 4,000 katika maisha yao yote. Wapo wanaosema ni zaidi. Hata ukizidisha mara mbili, bado jikoni kwetu tunaipita kila mwaka, na hakuna mwandishi wa habari anayetumwa kwenda kutazama.

Pita mchana nyuma ya shule yoyote ya bweni iliyobaki na kuni. Utaliona jiko la mafiga lenye sufuria la lita mia, bati la juu limekuwa jeusi linang'aa kwa masizi, na mpishi ameinama kupuliza, macho mekundu, kanga amejifunga puani. Akikohoa anatoka nje kidogo, anatema, anarudi. Hiyo ndiyo kazi yake siku tano za wiki. Amri ya serikali ya taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ilimlenga huyo, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama. Lengo ni zuri. Tuulizane kila mwaka limefika wapi.

Upande wa msitu nao haufai kusahauliwa. Takwimu ya serikali ni kwamba nchi inapoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kwa mwaka. Kilimo ndicho kinachobeba lawama kubwa, ila mkaa unafuata nyuma yake. Tanuri la udongo la kienyeji linatoa kilo moja hadi mbili za mkaa kwa kila kilo kumi za kuni. Zilizobaki zimeondoka kama moshi porini, kabla gunia halijafika hata barabarani.

Mafuta

Hapa sitarefusha, kwa sababu kila mtu ana majina yake ya mahali. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu, zaidi ya 100 wakafa. Sachangwan, karibu na Molo, Kenya, 31 Januari 2009: zaidi ya 110. Mtaa wa Sinai, Nairobi, 12 Septemba 2011: bomba lilivuja kwenye mtaro, zaidi ya 100. Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010: zaidi ya 230. Ajali hizi hazimo kwenye mjadala wa nishati. Tunaziita ajali za barabarani, tunalaumu maskini waliokwenda kuchota, yanaisha. Ukiweka pamoja sehemu hizo nne tu, unapata vifo zaidi ya 500 vya petroli kwa watu wanaozungumza lugha hii tunayoandikia hapa.

Makaa ya mawe

Ngaka, Kiwira na Mchuchuma zinajulikana. Tangu vita vya Ukraine vipandishe bei mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yamekuwa yakipakiwa meli bandarini Mtwara kwenda kuchomwa kwa wenzetu. Moshi ni wao, vumbi la malori ni letu.

Ukitaka kujua mwisho wa njia hii, tazama Mpumalanga, Afrika Kusini. Nchi ile inapata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwenye makaa, na mitambo mingi imerundikana mkoa huo. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa ya eneo lile inavunja haki ya kikatiba ya watu kuishi kwenye mazingira yasiyodhuru afya zao. Na hapo hatujataja walio chini ya ardhi: Coalbrook, Januari 1960, mgodi ulijifunika, wachimbaji zaidi ya 430 hawakutolewa. Wengi walikuwa vibarua kutoka Msumbiji na Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho.

Lamu walilikataa hili. Mtambo wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi, jirani na mji mkongwe ulio kwenye urithi wa dunia tangu 2001. Wavuvi na wazee wa Lamu walikwenda kwenye baraza la rufaa la mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Naiheshimu sana kesi ile. Walifungua mafaili, wakauliza majivu yatamwagwa wapi na maji ya moto yataingia upande gani wa bahari.

Maji

Hapa ndipo nataka tukae, maana umeme wa maji tunauita msafi bila kuuliza zaidi.

Ile 1.3 ya kwenye jedwali karibu yote inatokana na tukio moja. Agosti 1975 bwawa la Banqiao, China, lilibomoka baada ya kimbunga. Makadirio ya waliokufa ni kuanzia 26,000 hadi zaidi ya 170,000. Toa Banqiao, umeme wa maji unashuka na kukaa karibu na upepo. Kwa hiyo hatari ya bwawa haigawanyiki kidogo kidogo kila siku kama moshi. Inakaa kimya miaka mingi, halafu inakuja usiku mmoja.

Halafu mtambo wa maji wa Kihansi. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakikagua eneo la mradi huko Udzungwa waligundua chura mdogo wa manjano, hafiki ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ambaye hatagi mayai. Anazaa vitoto vilivyokamilika. Duniani kote alikuwa anaishi kwenye hekta kama mbili tu, kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza, maji karibu yote ya mto yakaingizwa kwenye handaki, manyunyu yakakoma. Zikawekwa bomba za kunyunyizia, ukaja ugonjwa wa ukungu, na mwaka 2009 chura akatangazwa kutoweka porini. Aliokolewa kwa sababu mwaka 2000 wapatao 500 walipelekwa Bronx, New York, wakazalishwa kule. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa. Najua wapo watakaosema "chura na umeme, nani muhimu?" Jibu langu ni kwamba tungeweza kuwa na vyote kama tathmini ingekamilika kabla handaki halijachimbwa. Tumelipa baadaye, na tunaendelea kulipa.

Tena kuna bonde la Usangu. Mgawo mkali wa 2006 ulipotukuta, kina cha bwawa la umeme la Mtera kikawa habari ya kila jioni, na wafugaji wa Usangu wakaambiwa ng'ombe wao wanamaliza maji ya mto Ruaha Mkuu unaolijaza bwawa hilo. Wakaondolewa 2006 na 2007, wakaswagwa na mifugo yao kwenda Lindi na kwingine, na wanyama wengi walikufa njiani. Wataalamu wa maji waliolichunguza bonde lile walionesha kuwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa vilikuwa na sehemu kubwa ya sababu. Lakini aliyelipa alikuwa mfugaji. Hakuna jedwali la terawati-saa lenye safu ya familia hizo.

Bwawa la Nyerere linahitaji uzi wake. Megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235, mkataba ulisainiwa Desemba 2018, mashine ya kwanza ikaanza Februari 2024 na zote zikawa tayari mwaka 2025. Limetutoa kwenye mgawo, hilo nalikubali bila kusitasita, na kila uniti inayotoka pale ni uniti ambayo haikutoka kwenye gesi wala dizeli. Ila lipo katikati ya iliyokuwa hifadhi ya wanyama ya Selous, na chini yake kuna watu.

Upepo na jotoardhi

Kwa kifupi: vyenyewe karibu haviui, ila vinataka ardhi, na ardhi ya Afrika Mashariki ina wenyewe. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Loiyangalani, una minara 365 na megawati 310. Ulipewa ekari 150,000, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi ile hazikupatikana kwa utaratibu. Kinangop mradi ulikufa mwaka 2016 baada ya maandamano yaliyoua mtu. Olkaria, Wamaasai walihamishwa 2014 kupisha mvuke, wakalalamika Benki ya Dunia na ikaonekana wana hoja.

Gesi nayo: Mtwara 2013 hatujasahau. Watu walikufa barabarani kwenye ghasia za kupinga bomba la gesi, hata kabla halijaanza kazi.

Karibuni tuchangie. Anayepinga aje na hoja.

---

Atomu

Mkuu, uzi mzuri, lakini umekwepa. Jedwali lako mwenyewe linaonesha nyuklia 0.03. Kwa nini usiseme wazi tujenge? Urani tunayo Namtumbo.

Fundi Jua

Sijakwepa, mkuu. Kwa takwimu za vifo nyuklia ni salama, na ninawaambia hata wanaonichukia kwa kusema hivyo. Fukushima, Machi 2011, serikali ya Japani imekubali kifo kimoja cha saratani ya mapafu kwamba kilitokana na mionzi. Lakini zaidi ya watu 2,000 wa mkoa ule walikufa kutokana na kuhamishwa kwenyewe: wazee waliotolewa wodini haraka, dawa zilizokatika, miaka ya kuishi kwenye vyumba vya muda. Hilo ni somo kubwa kuliko mionzi. Namna unavyomwondoa mtu nyumbani kwake inaweza kumuua.

Wasiwasi wangu ni wa kitaasisi. Kinu kinataka mkaguzi mwenye uwezo wa kumwambia waziri "zima", na waziri akazima. Uyombo, Kilifi, watu waliandamana 2024 kupinga kinu, na hawakuwa wajinga wa sayansi. Walikuwa wanauliza nani atawaambia ukweli siku mambo yakiharibika. Namtumbo vilevile: mwaka 2012 mpaka wa Selous ulirekebishwa kupisha mradi wa Mto Mkuju. Tope la urani linabaki pale vizazi na vizazi baada ya kampuni kuondoka. Tukipata taasisi hiyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

---

Mto Rufiji

Nimesoma ulipoandika "chini yake kuna watu", nikaona nikusaidie kueleza.

Sisi Warufiji hatuogopi mafuriko ya kawaida. Mto ukijaa, unaacha tope. Maji yakipungua tunalima mlau, yaani tunapanda mahindi na kunde na maboga kwenye unyevu ule, bila mbolea. Bibi zetu walikuwa na madungu shambani, unalala juu unalinda mazao na ngiri na viboko. Kwa hiyo bwawa likizuia mafuriko kabisa, mlau unakufa. Na likifungua maji kwa wakati usio wa mto, yanakuta mazao yamesimama. Aprili 2024 maji yalikaa wiki nyingi Rufiji na Kibiti. Serikali ilisema bwawa lilipunguza makali, wakazi wengi wakasema maji yaliyofunguliwa ndiyo yaliyowafikia. Mimi siwezi kupima mita za ujazo. Ninachotaka ni ratiba: tujue mwezi gani maji yatafunguliwa na kiasi gani, itangazwe msikitini na shuleni, tupange mlau kwa ratiba hiyo. Na kule delta kamba na mikoko wanahitaji tope na maji baridi yafike. Umeme tunaupenda, watoto wetu wanausomea.

Fundi Jua

Ahsante sana ndugu yangu. Hili la ratiba ni jambo linalofanyika duniani, kufungua maji kwa kuiga mafuriko ya asili ili kilimo na samaki wa chini waendelee. Linapunguza umeme kidogo. Hicho kidogo ndicho gharama halisi, na inafaa tuilipe sisi tunaowasha feni Dar.

---

Goma Mjini

Jambo bandugu. Huku kwetu makala, yaani mkaa, ndiyo vita yenyewe. Makala ya Goma, sehemu kubwa ilikuwa inatoka ndani ya hifadhi ya Virunga, na vikundi vyenye silaha vinakata kodi kwa kila gunia. Julai 2007 masokwe waliuawa kwa risasi ndani ya hifadhi, na biashara ya makala ilikuwa nyuma yake. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wameshauawa katika miaka hii yote. Ndiyo maana hifadhi ilijenga mtambo wa maji Matebe, megawati 13, ukaanza 2015, mama apikie umeme aache makala ya damu.

Na mmesahau Ziwa Kivu. Chini kuna gesi ya methani na hewa ukaa nyingi sana iliyoyeyuka majini. Ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986 lilitoa hewa ukaa likaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja, na lile ni ziwa dogo mno ukilinganisha na Kivu, ambalo lina watu kama milioni mbili pembeni. Upande wa Rwanda, Karongi, tangu 2016 wanavuta ile methani na kuzalisha megawati 26.

Fundi Jua

Mkuu umeniongezea kitu nisichokuwa nimekiweka kwenye mizani: chanzo ambacho ukikitumia kwa uangalifu kinapunguza hatari iliyokuwepo. Ni gesi, itatoa hewa ukaa, lakini kuiacha chini nako si usalama.

---

Mzee wa Tanuri

Nyote mnaandika kwa simu mkiwa mmeshiba. Mimi nimesomesha watoto watatu kwa mkaa. Gunia likikatazwa, mtanipa nini? Na huyo mama wa mjini, mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi ananunua mkaa wa kopo kwa sababu kopo linanunulika na hela ya siku. Hilo mmelifikiria?

Fundi Jua

Shikamoo mzee. Swali lako ni gumu na sitalijibu kwa maneno mepesi.

Kupiga marufuku kwa amri tulishajaribu. Mwaka 2006 mkaa ulikatazwa, bei ikapanda, watu wakapikia mkaa uleule wa magendo, na waliokamatwa ni wenye baiskeli. Njia niliyoona ina akili ni ile ya Kilosa iliyoanza 2012. Vijiji vilitenga sehemu ya msitu wao wa hifadhi, wakaigawa vitalu, kila mwaka wanavuna vichache wanaacha visiki vichipue kwa miaka 24 kabla ya kurudi palepale. Tanuri zimeboreshwa, ushuru unaingia kijijini, wamejengea madarasa na zahanati. Mchoma mkaa anabaki na kazi na msitu unabaki msitu.

Kuhusu kopo, umesema kweli kabisa. Mtungi wa kilo 6 hauuzwi kwa robo kilo, na mwenye kipato cha kutwa hawezi kutoa hela yote mara moja. Ndiyo maana mimi nautazama umeme zaidi ya gesi kwenye kupika: luku unanunua hata ya elfu moja. Sufuria la umeme la presha linaivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Kwa tarifa ya kawaida uniti ni kama shilingi 350. Maharage hayohayo kwa mkaa yanataka makopo mangapi, unajua kuliko mimi. Kikwazo ni bei ya sufuria lenyewe. Ruzuku iliyowekwa kwenye mitungi naomba iwekwe na hapo, na mtu alipe kidogo kidogo kupitia luku.

---

Jomvu Moja

Fundi, uliahidi kusema mabaya ya sola. Bado nasubiri. Au nikuanzie mimi? Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu kutoa risasi, ile metali nzito yenye sumu, watu kama 3,000 wakiishi ukuta kwa ukuta. Watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, wanawake wakaharibikiwa na mimba, watu wakafa. Kilifungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale na mtoto wake akaugua, ndiye aliyewaongoza. Mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikapanda na kushuka rufaani mpaka Mahakama ya Juu ikarudisha haki yao Desemba 2024. Betri zile ni za magari, ni za mitambo ya simu, na ni za sola pia.

Fundi Jua

Hukukosea, na nilikuwa naliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililo mikononi mwangu.

Paneli yenyewe haina shida kubwa. Ni kioo, alumini na silikoni, inakaa miaka 25. Shida ni betri. Zile za maji, za risasi na tindikali, tunazofunga vijijini zinakufa baada ya miaka miwili mitatu kwa sababu watu wanazimaliza chaji kabisa kila usiku. Zikifa anakuja kijana wa vyuma chakavu na mzani. Analipa kwa kilo, na hataki kubeba uzito wa maji, kwa hiyo anafungua vizibo palepale uani anamwaga tindikali chini ya mwembe. Nimeliona hili mara nyingi. Udongo unatoa povu jeupe, kuku wanapita juu yake, watoto wanachezea vizibo. Tindikali ile ina risasi ndani. Baadaye sahani zinayeyushwa kwenye karai, mahali fulani, na mtu asiye na barakoa.

Za lithiamu nazo zina njia yao. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu yake inachimbwa kwa mikono, huko Kolwezi, na watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Juni 2019 shimo liliporomoka likafukia zaidi ya 30. Ila hapa kuna uchaguzi halisi: betri za aina ya chuma na fosfati, zinazoandikwa LFP, hazina kobalti kabisa. Hazina risasi pia. Bei yake ni kubwa siku ya kwanza, lakini zinafika miaka kumi, na kwa miaka hiyo ungebadilisha ya risasi mara tatu au nne. Mimi sasa nikienda kwa mteja namwonesha hesabu hiyo kwanza, kwenye karatasi, kabla hajauliza bei ya paneli.

Kwa wenye betri za risasi tayari: usiruhusu mtu aimwage. Muuzie anayeibeba nzima, ikiwa imesimama, vizibo vimefungwa, hata kama analipa pungufu. Ikivuja, mwagia magadi au majivu, usimwagie maji ikatiririka kwenda kisimani. Osha mikono kabla ya kumshika mtoto. Na wenzangu mafundi, tukienda kufunga mpya tuichukue ile ya zamani sisi wenyewe, tuipeleke zinapokusanywa, gharama ya usafiri tuiweke kwenye ankara mteja aione.

Jomvu Moja, kama kuna mtu wa Owino Uhuru anayeusoma uzi huu, ningependa aeleze hapa vipimo vya damu vya watoto vinaendeleaje sasa na kama udongo umeshaondolewa. Nitaubandika ujumbe wake juu kabisa.